Fungu la Wapiga Kelele

Kiyoyozi cha chumba cha madereva, katika nyumba ya Baba kule Al Rayyan, Uarabuni, kilipatikana kwa mdomo wangu. Naanzia hapo kwa sababu watu husahau. Ni mimi, Herbert, niliyesimama mlangoni mwa majlisi, sebule ya kupokelea wageni, kiangazi cha 2007 nikamwambia mwajiri wetu, ambaye sote tulimwita Baba, kwamba mbuzi wake wa shambani wana feni na sisi hatuna. Wenzangu walioapa kusimama nami siku hiyo walikuwa ghafla wanakagua matairi. Kiyoyozi kikaja. Miaka minne baadaye akaja Idrisa, kijana wa Makunduchi, Unguja, akajilaza chini yake usiku wa kwanza, akasema alhamdulillahi, hapa kuna ubaridi. Kana kwamba ubaridi huota kama majani.

Kwa hiyo mwaka 2012, Jassim, kitinda mimba wa Baba, aliposema anakwenda Marekani kuwinda na atamchukua mmoja wetu, sikuona sababu ya kuuliza ni nani.

Alikuwa anamfuata elki. Huyo ni kulungu wa kule, dume lake zito kama fahali, pembe zimetanda kama mti uliokauka. Jassim alisoma Marekani, na rafiki yake wa chuo angemwazima bunduki na kibanda cha mbao mlimani. Hakutaka kiongozi wa kulipwa. Tangu utotoni alikuwa amewinda kwa kozi tu, yule ndege mwindaji, tena kozi wa baba yake, na baba yake amesimama nyuma yake akimwambia mkono uwe vipi. Hii ingekuwa ya kwake. Tatizo lilikuwa muda: kazini walimpa wiki moja, na ndani ya hiyo wiki, siku moja tu ya kupeleleza mlima kabla ya msimu kufunguliwa.

Mzee wangu, Munyoki, alikuwa mwindaji wa upinde kule Kitui, mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka uliofuata alikamatwa akiwa na suguya mmoja, swala mdogo asiyezidi mwanambuzi, akafungwa. Wale waliokuwa wakiangusha ndovu kwa vibali, sijasikia hata mmoja aliyelala rumande. Mzee aliporudi alikata upinde ukawa kuni, na mimi nikakua mtoto wa mwindaji ambaye hajawahi kunyatia hata kanga. Nilikitaka kile kiti cha ndege. Nilitaka mara moja maishani nisimame porini alfajiri na sheria iwe upande wangu.

Nikasoma. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, wenzangu walipokwenda kula pamoja, mimi nilishuka Al Mansoura kwenye duka la intaneti. Nilijifunza kwamba upepo wa mlimani hushuka asubuhi na kupanda jua likichoma. Nilijifunza elki hulala mteremko usio na jua, na hunywa wapi. Nilisikiliza mlio wa dume mpaka mwenye duka akanipa spika za kuvaa masikioni, akisema wateja wake wanashtuka.

Siku Jassim alipoiweka ramani ya mlima kwenye televisheni kubwa ya majlisi, nilikuwa tayari. Nilisimama. Nilimwonyesha maji, nikamwonyesha mteremko, nikamwambia saa ya kuamka na upande wa kupandia, na pale alipotaka kusema neno nilimwomba anisikilize kwanza nimalize. Idrisa alikuwa amekaa karibu na mlango kwa sababu ndiye aliyeleta kahawa.

Nilipomaliza, Jassim alimgeukia. Akamuuliza kama amewahi kuwinda.

"Nguruwe," Idrisa akasema. "Na paa, zamani."

Akaeleza, polepole, na macho yake kwenye birika, kwamba kwao wasasi wana chama chao na mkuu wao, na siku ya msako hutoka wanaume hata mia pamoja na mbwa. Hakuna askari anayewafukuza. Nguruwe wanakula mihogo ya watu, basi serikali inashukuru.  Kijana huyu alikuwa maskini kama mimi, analala kitanda kinachotazamana na changu, na hakuna aliyewahi kumlazimisha baba yake akate upinde.

"Siku moja haitoshi kumtafuta mnyama," akasema. "Siku ya kufungua, watu si watajaa huko? Mie ningewatafuta watu. Wanaegesha wapi, wanapandia wapi. Kisha ningekaa kimya upande wa pili, kwenye penyo, pale mnyama anapochomokea. Wao watamleta."

Jassim akacheka. Akamuuliza kama hiyo si kula jasho la wengine. Idrisa akasema hapana, kwao wapo wanaoingia kichakani kupiga kelele na wapo wanaokaa na mikuki kwenye mapenyo, na enzi za paa, nyama ikigawiwa, mpiga kelele naye alipata fungu lake.

Asubuhi yake tukaambiwa anakwenda Idrisa.

Milcah, mpishi wetu, mtu wa Kisii, aliniona nikisugua gari ambalo halikuwa chafu. "Sasa wewe Herbert, utalitoa rangi," akasema. "Si ulijua tu? Mnyama lazima achinjwe. Wewe utachinja na jina la nani?"

Neno hilo lilinipa hasira nzuri, yenye miguu ya kusimamia. Nilipokuwa nampeleka Jassim kazini nilimuuliza wazi kama nimeachwa kwa sababu ya dini.

Hakukasirika. 

"Kuchinja naweza mwenyewe," akasema. "Herbert, wewe ukizungumza, namsikia Baba. Na mimi nakwenda mbali ili nisimsikie."

Nilimbishia Baba miaka yote ile, peke yangu, mlangoni pake, halafu naambiwa nina sauti yake.  Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Jassim kufika kazini bila mimi kusema lolote.

Niliwapeleka uwanja wa ndege. Idrisa alikuwa amevaa koti zito la Jassim la zamani, anatoka jasho, anafurahi. Wiki nzima nililala nikikitazama kitanda chake. Niliomba mvua iwanyeshee, kisha nikakumbuka kwamba elki hutembea zaidi baada ya mvua, nikaomba jua.

Walirudi na picha. Dume lenye pembe zile zile nilizozitazama Al Mansoura, na Jassim amepiga magoti nyuma yake, uso wake siujui, umekuwa wa mtu mwingine. Idrisa aliniambia kundi la wawindaji lilipanda kwa upande wa maegesho likiongea, na yule dume akatoka kwenye penyo anatembea tu, hana haraka.

Kisha akafungua kiganja. Jino, fupi, la rangi ya chai ya maziwa. Alisema elki ana mawili ya namna ile. Moja amebaki nalo Jassim.

"Hili lako, kaka. Wee ulimkurupua Jassim kwa maneno, mie nilikaa tu mlangoni. Fungu lako."

Nilitafuta kejeli usoni mwake nipate pa kushika. Haikuwepo. Nikalichukua jino, nikamuuliza yule dume alilia vipi.

Akakusanya viganja mdomoni akalia, pale pale gereji. Milcah akatoa kichwa dirisha la jikoni akauliza nani anamnyonga paka.

"Sivyo," nikamwambia. "Mlio unaanza mzito, halafu unapanda mpaka unakuwa filimbi. Nimeusikia sana."

"Labda huyo wako," Idrisa akasema kwa upole. "Wetu alilia hivi. Mie nilikuwepo, kaka."

Nikafungua bomba nikaanza kuosha gari la Baba, na lile jino mfukoni likinigusa paja kila nilipoinama.