Kamba wa Krimu Kabla ya Saa Mbili

Baba yangu hakuwa amewahi kutia chochote mdomoni nyumbani kwangu. Miaka mitano nimekaa Kiamunyi na Mwaura, na kila msimu wa viazi baba aliteremka kutoka Kuresoi na pikapu yake, akaisimamisha nje ya geti, akashusha gunia, akanisalimu, akamsalimu Mwaura, halafu akarudi kwenye kiti cha dereva kunywa chai ya chupa aliyotoka nayo kwake. Hata maji yangu hakunywa. Siku moja nilimtolea mandazi ya moto, akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayaweka juu ya dashibodi. Mama aliniambia baadaye kwamba yalifika Kuresoi yote sita.

Sababu naijua, nisijifanye mtu aliyeonewa. Kwetu mzazi hali kwa binti yake kabla watu wa mume hawajafika nyumbani kupanda ithigi, yale matawi yanayotangaza kwamba msichana huyu ameshaulizwa. Mimi na Mwaura tulianza na kitanda, sufuria mbili na mimba. Mimba haikukaa, sisi tukakaa. Kila mwaka tulisema Desemba, na kila Desemba ikatupita. Shangazi yangu alinionya mapema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikamjibu kwamba guu ni langu. Ndivyo nilivyo, maneno yangu hutoka kabla sijayapima. Wazee wengi siku hizi wamelegeza mambo hayo, wanakula kwa binti zao na kuomba waongezewe. Baba hakulegeza, na kila alipoketi na chupa yake nje ya geti langu nilimkasirikia upya.

Jumanne ile ya mwezi wa sita tulikuwa hospitali mjini, yeye, mimi na Mwaura. Koo lilikuwa limeanza kumkataza ugali tangu Januari, kisha likamkataza viazi, sasa hata uji ulishuka kwa shida. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alituambia kwamba uvimbe umekaribia kuziba njia yote, na kwamba kesho asubuhi watamwekea mpira wa kupitisha chakula moja kwa moja tumboni.

"Leo anaweza kula kitu laini," alisema. "Lakini saa mbili usiku ikifika, asitie kitu chochote mdomoni."

"Na baada ya kesho?" niliuliza.

"Kwa sasa mdomo tuupumzishe."

Hilo "kwa sasa" nililishika kwa nguvu. Niliondoka nalo hospitalini kama mtu aliyepewa ahadi.

Njiani Mwaura ndiye aliyeendesha pikapu, mimi katikati, baba dirishani. Kwa kawaida angelala kwa shangazi, lakini shangazi alikuwa amepanda Kuresoi kumsaidia mama na ng'ombe. Nilijua atalala humo humo ndani ya pikapu, ana blanketi lake nyuma ya kiti. Tulikuwa hatujatoka mjini alipocheka peke yake.

"Kwa hivyo ulimi imestaafu," alisema. "Miaka sabini na moja, na hakuna hata sherehe."

"Baba, usiseme hivyo."

"Maitu, niko na kitu nataka kula." Maitu ni mama yangu, kwa Kikuyu. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Njoki. "Zile wadudu za bahari. Na krimu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba ni mtu wa viazi, mahindi na maziwa. Samaki wenyewe huwala akiwatazama kwa mashaka. Lakini aliwahi kuendesha lori la viazi kutoka Kuresoi hadi Mombasa, miaka kumi na mbili, akishusha magunia kwenye mlango wa jikoni wa hoteli kubwa. Hapo mlangoni, alituambia siku ile, kulikuwa na harufu. Vitunguu saumu, siagi, krimu, na wale wadudu wakikaangwa kwa dakika chache na kupelekwa mbele kwa wageni. Yeye alikuwa akisubiri risiti yake isainiwe, huku anameza mate. Hakuwahi kuomba aonje, na hakuwahi kutuhadithia.

"Sawa, nitakupikia," nilisema. "Nikuletee kwa gari?"

"Kwa nini kwa gari? Si uko na meza?"

Naona haya kusema jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimetoka kuambiwa habari mbaya kuliko zote, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto aliyeshinda mbio. Miaka mitano! Niliwaza kitambaa gani cha meza nitandike, na sahani zipi. Mwaura alinikanyaga mguu kidogo, sikujua kwa nini.

Kwenye supamaketi alinisimamisha karibu na friji ya vitu vilivyogandishwa. Mwaura ni fundi wa umeme, mtu asiyesema mpaka apime.

"Amesema ndani?" aliuliza.

"Ndani. Mezani."

"Na Desemba?"

"Desemba gani tena? Mzee amekubali nyumba yako, na wewe umekunja uso. Beba hiyo krimu twende."

Nilichukua pakiti moja ya kamba, nusu kilo, ambao supamaketi inawaita prawns. Sijawahi kuwapika maishani. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa jikoni, na nikafanya kile ambacho kila mwanamke wa Kuresoi angefanya. Niliwatia nusu yao kwenye sufuria ya maji na chumvi, nikafunika, nikaacha wachemke. Kwetu juu hakuna kinachotoka kwenye sufuria bila kuungama. Githeri, yale mahindi na maharagwe, ni muda wa saa tatu, nyama ni mpaka mfupa uachie. Kitu kilichotoka baharini, sijui kimekula nini huko, mimi nisikichemshe? Niliwapa dakika ishirini na tano kwa usalama wa mgonjwa.

Walitoka wamejikunja, wadogo, wagumu. Nilimtafuna mmoja ikawa natafuna kandambili. Baba hangeweza kummeza hata nusu yake. Niliitupa sufuria nzima ndani ya sinki kwa hasira, maji yakaruka ukutani, kisha nikampigia simu Hadiya.

Hadiya tunafundisha naye shule moja. Babu yake alitoka Mombasa akafungua duka mjini Nakuru, na mpaka leo kwao wanapika vitu vya pwani.

"Umewachemsha?" aliuliza. "Njoki! Dakika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Subhanallah. Sikia. Siagi kwa pan, kitunguu saumu, kisha kamba. Dakika mbili upande huu, moja upande ule. Wakishakuwa pinki, unatoa. Krimu mwisho, moto chini."

"Na wataiva?"

"Wataiva. Wewe acha tu kuwaogopa. Lakini nani anakula kamba hapo kwako?"

"Baba. Ameitisha mwenyewe. Na anakula ndani, mezani!"

Hadiya anaijua hadithi ya mandazi. Nilingoja ashangilie. Badala yake akasema, "Mungu amfanyie wepesi, dada."

Nilikata simu nikiwa nimeudhika. Nimemuomba mapishi, ananipa pole. Niliponda viazi vya baba mwenyewe kwa maziwa mpaka vikawa laini kama uji mzito, nikakata vitunguu saumu, nikaweka siagi kwenye kikaango. Harufu ilipopanda nilimsikia baba akivuta kiti sebuleni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alikuwa ameshavua kofia na kuiweka gotini.

"Mwaura, kaa hapa," alisema. "Hiyo maneno ya Desemba, utaongea na ndugu yangu. Yeye ndiye atawapokea."

"Na wewe, mzee?"

"Nimesema utaongea na ndugu yangu. Nimeshamwambia. Usiogope, yeye hana maneno mingi kama mimi."

Kamba walikuwa tayari kwenye siagi. Niliwageuza. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake, lakini mimi nilikuwa nimeganda. Ndipo nilipoelewa kile ambacho Mwaura alikielewa garini, na Hadiya kwenye simu, na kila mtu isipokuwa mimi na furaha yangu ya kijinga. Baba hakuwa amekubali nyumba yangu. Alikuwa amepiga hesabu kutoka Juni mpaka Desemba, akaona hafiki. Mtu anayetarajia kuwaona wageni wakiingia langoni kwake na matawi hawezi kuvunja mwiko miezi sita kabla, na hasa mtu huyu, aliyesafirisha mandazi sita milimani bila kuyaonja.

Walikuwa pinki. Niliwatoa, nikamimina krimu, ikachemka kidogo pembeni, nikawarudisha. Niliwakatakata vipande vidogo vidogo kwa kisu, nikalaza baadhi juu ya viazi, vingine nikaviacha jikoni. Harufu ilikuwa ileile aliyoieleza, bila shaka, kwa sababu alinyamaza katikati ya sentensi.

Nilibeba sahani, nikapita nayo mbele ya meza, nikafungua mlango, nikatoka.

"Maitu, unapeleka wapi?"

"Kwa gari!" nilipaza sauti bila kugeuka. "Utakula kwa gari kama kawaida. Watu wa Mwaura hawajakuja. Huwezi kula hapa, Baba, si unajua huwezi?"

Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilifungua geti, nikafungua pikapu, nikaiweka sahani juu ya kiti cha abiria, nikasimama pale nimeushika mlango. Nilimngoja. Nilitaka atoke amekunja uso, apande kwenye kiti chake, anitazame kwa ule ukali wa miaka yote. Nilitaka anikatae. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu hivyo, hata yule mtoto.

Mwaura ndiye aliyekuja, ameshika jaketi langu.

"Mwambie atoke," nilisema.

"Nimemwambia. Anasema miguu imechoka."

"Ni uongo. Ametembea hospitali nzima leo."

"Njoki, ni saa moja na dakika thelathini na tano."

"Atoke!"

Alinivika jaketi mabegani, akasimama kando yangu akinyeshewa. Niliiangalia sahani. Krimu ilikuwa imeanza kuganda juu, imefanya utando. Nikishinda mimi, baba atalala njaa, na kesho watamfunga mdomo kwa mpira. Nikishindwa, nitamlisha kwa mkono wangu mwenyewe kitu kinachosema kwamba ameaga. Nilisimama nikitafuta njia ya tatu mpaka Mwaura akatazama simu yake tena. Njia ya tatu haikuwepo.

Nilirudi ndani. Baba hakuwa amesogea. Nilipitisha chakula kwenye kikaango, moto chini, maziwa kidogo ya kulainisha, nikijua kamba watakaza kidogo na hakuna la kufanya. Niliposhusha sahani mbele yake ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tano. Kitambaa cha meza nilisahau.

"Karibu kwangu, Baba," nilisema. Kwa miaka mitano niliyafanyia mazoezi maneno hayo.

"Asante. Nimekaribia." Alimgeukia Mwaura. "Mwenye nyumba aombe."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mwaura alisimama, akafumba macho, akasema "Baba yetu," kisha sauti ikamkatikia. Tulingoja. Mwishowe baba mwenyewe akasema amina.

Kipande cha kwanza alikitafuna muda mrefu sana, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya sauti ya chini. Koo lilipanda, likashuka, likakwama, likapita. Cha pili kilimtoa machozi, ya maumivu nadhani, akayapangusa kwa kiganja. Cha tatu hakikwenda. Alikaa nacho mdomoni mpaka nikajua kwamba anafyonza ladha tu, halafu akakitoa taratibu kwenye kitambaa cha mkono, akakikunja kitambaa vizuri, akakirudisha mfukoni.

"Imeiva sawa," alisema. "Uko na mkono mzuri. Mtu asikudanganye."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Sahani ilikuwa bado imejaa, vijiko viwili tu vilikuwa vimetoka pembeni. Aliisukuma kidogo upande wangu, kwa vidole viwili, kama afanyavyo mgeni aliyepapenda mahali.

"Niongezee," alisema.

Nilimtazama nikaona hatanii. Nikaenda jikoni, nikachota kamba wote waliobaki na krimu yote, nikarudi kumwekea juu ya vile vilivyokuwepo, mpaka ikafika ukingoni. Alinishukuru. Alikaa mbele ya sahani ile bila kuigusa, mikono yake kando yake, na sisi tukakaa naye mpaka saa mbili.