Akaunti ya Mama Vidole

Taa ya kijani ikazimika tena.

Fundi akaisogelea skrini kana kwamba kuikaribia kungesaidia. Muda mfupi tu uliopita kiunganishi kilikuwa kinakwenda vizuri. Oda inaingia kwenye mfumo wa mauzo, kinaichukua, kinaipeleka kwenye mfumo wa ghala, na kule chini watu wanapakia glovu na mashuka ya hospitali bila mtu yeyote kubonyeza kitufe. Sasa palipokuwa na kijani pana nyekundu, na oda zimeanza kurundikana.

"Imekata tena?" aliuliza meneja kutoka mlangoni. Alikuwa na desturi ya kuuliza jambo ambalo macho yake yameshaliona.

"Narekebisha, bosi."

"Wakubwa wanafika baada ya chakula cha mchana. Niwaonyeshe taa nyekundu? Nilikataa kampuni kubwa nikakuchukua wewe, kwa sababu shangazi yako aliniapia kuwa unaweza. Usiniaibishe."

Akaondoka, viatu vikilia koridoni. Kwa fundi hii ilikuwa kazi ya kwanza kuifanya peke yake. Ikienda vizuri, angeajiriwa kuitunza mifumo yote ya pale. Ikienda vibaya, angerudi kibandani kubadilisha vioo vya simu na kubishana na watu waliokalia simu zao wenyewe.

Hilo lingetosha kumnyima mtu usingizi, lakini halikuwa peke yake. Kulikuwa na shangazi.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Ofisini pale alifanyia kazi chumba cha pili, nyuma ya ukuta huu huu wa mbao nyembamba. Kazi yake kwa miaka yote hiyo ilikuwa moja: anasoma oda kwenye skrini ya kushoto, ya mauzo, anaiandika upya kwenye skrini ya kulia, ya ghala. Aliandika haraka mpaka wakambatiza Mama Vidole. Fundi mmoja wa zamani akamwandikisha kwenye mfumo kwa jina hilo kwa utani, na utani ukabaki. Siku meneja alipotafuta mtu wa kufunga kiunganishi, ni shangazi aliyesema, "Mwanangu yupo, anazijua hizo kompyuta kama anavyonijua mimi."

Na asubuhi ile, kabla ya kazi kuanza, meneja alimvuta fundi pembeni. "Kikikaa sawa hiki kiunganishi, yule mama tutampumzisha mwisho wa mwezi. Usimwambie kwanza, tusimpe presha bure." Presha bure! Kama vile presha ya mwisho wa mwezi ingekuwa na faida.

Kisha meneja akaongeza lingine: leseni za mfumo wa ghala zimekwisha, kiunganishi hakiwezi kufunguliwa akaunti yake. "Tumia ya Mama Vidole. Si kazi ni ile ile?"

Basi akaenda kwa shangazi. Shangazi alimpokea kama alivyompokea siku zote, nyumbani au kazini, hata awe amekuja kuchukua kalamu tu, akimsogezea kiti cha wageni: "Kaa kwanza." Alipoelezwa kwamba kiunganishi kinahitaji nenosiri lake, hakuuliza mengi. Alimfuata, akavaa miwani na kuinamia kibodi.

"Geukia ukutani, mwanangu. Paswedi ni kama nguo ya ndani, hata uliyemlea haonyeshwi."

Fundi akageuka, akacheka kidogo. Nyuma yake vidole vilipiga vitufe. Hapo ndipo angesema. Alikuwa na ukuta mzima wa kuutazama na maneno yote mdomoni, akayameza.

"Hiki kidude kitanisaidia, au siyo?" shangazi aliuliza. "Mgongo wangu umekwisha."

"Kitasaidia, shangazi."

Na sasa kidude kilikuwa kinaanguka na kuinuka kama mlevi. Fundi alibadilisha waya. Akakizima, akakiwasha. Taa ikawa kijani, akashusha pumzi, ikawa nyekundu. Simu ya ghala ikalia: "Huku chini tumekaa mikono mifukoni. Gari la hospitali linangoja. Vipi?" Akasema dakika moja, naye hakujua dakika hiyo angeitoa wapi. Jasho lilimtoka na feni inazunguka.

Mwishowe akafungua kumbukumbu za mfumo wa ghala, mahali ambapo angepaswa kuanzia. Mistari ilijipanga ikimtazama:

Mama Vidole ameingia.
Mama Vidole ametolewa.
Mama Vidole ameingia.
Mama Vidole ametolewa.

Ng'ambo ya ukuta sauti ikasikika, "Haya, imenitupa tena! Leo hii kompyuta ina wazimu." Vidole vikagonga vitufe, na taa mbele ya fundi ikawa nyekundu.

Akaelewa. Mfumo wa ghala ni wa kizamani, akaunti moja haikubali kufunguliwa sehemu mbili. Anayeingia baadaye anamtupa nje wa kwanza. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili walikuwa wanasukumana tangu asubuhi, mmoja bila kujua na mwingine bila akili. Jambo lenyewe fundi alilijua tangu chuoni. Hakulikumbuka kwa sababu hakutaka kuifikiria akaunti ile hata kidogo.

Dawa ilikuwepo, tena rahisi. Kwenye mipangilio palikuwa na kisanduku kidogo. Akiweka alama hapo, kompyuta ya chumba cha pili ingekataliwa. Shangazi angedhani imeharibika. Wakubwa wangekuja, wangepiga makofi na kuondoka, na yeye asingelazimika kumtazama mtu usoni. Alipeleka mshale mpaka juu ya kisanduku. Aliona aibu kiasi kwamba alitazama mlangoni kama mwizi.

Akauacha mshale pale pale, akainuka.

"Kaa kwanza," shangazi alisema bila kugeuka. "Njoo uone mashine inavyonitesa."

Fundi hakukaa. "Shangazi, usiingie tena kwenye mfumo wa ghala."

"Una virusi?"

"Hapana. Kiunganishi kinatumia akaunti yako. Ukiingia wewe, chenyewe kinatoka."

"Ala! Kumbe tunafukuzana." Shangazi akacheka. "Sasa nisiingie mpaka lini?"

Feni ilizunguka. Kicheko kikapungua polepole usoni mwa shangazi.

"Nimekuuliza, mpaka lini?"

"Usiingie tena kabisa, shangazi."

Shangazi akavua miwani. Alizitazama zile skrini mbili, kushoto, kulia, kisha mikono yake iliyokaa katikati.

"Meneja ndiye kasema?"

"Ndiyo. Asubuhi."

"Asubuhi kabla sijakuwekea paswedi, au baada?"

Fundi alitamani sakafu ipasuke. "Kabla."

"Ukanipa mgongo."

"Uliniambia nigeuke..."

"Nilikuambia ugeuke," shangazi alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Sikukuambia unyamaze."

Simu ikalia mezani. Shangazi aliinua mkonga, na sauti ya ghala ikasikika mpaka alipo fundi: "Mama Vidole, oda ya hospitali iko wapi? Dereva analalamika." Oda ilikuwa pale, kwenye skrini ya kushoto. Kuiandika kulia kulikuwa kazi ya pumzi mbili, na shangazi alikuwa bado ndani ya mfumo, kiunganishi hakijarudi kumtupa. Vidole vyake viligusa kibodi. Safari hii fundi hakugeuka.

"Inakuja," shangazi aliiambia simu. "Subirini."

Akakata. Akasogeza mshale mpaka pembeni mwa skrini ya kulia, akabonyeza "Toka". Kisha akavaa tena miwani na kuitazama skrini ya kushoto. Kwa kitambo hakukutokea kitu. Halafu oda ya hospitali ikageuka kijani, ikafuata ya chini yake, na nyingine, na nyingine, na mwisho wa kila mstari maneno yale yale: Imeingizwa na Mama Vidole.

"Mtazame huyo," shangazi alisema. "Hata hapumui."

Kwenye ngazi zilisikika sauti za wageni na kicheko cha meneja kikiwatangulia. Shangazi alikuwa anafuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza, kama anavyokagua kazi yake kila siku. Fundi alisimama kando ya kile kiti cha wageni, mkono juu ya egemeo la kiti. Shangazi hakumwambia atoke, wala hakumwambia akae.