Kitenge Nyuma ya Dereva

Watu wa Bukavu tuna kiburi kimoja. Tukishaliona ziwa letu la Kivu asubuhi, tunadhani Mungu alimalizia kazi yake hapo, na sehemu nyingine za dunia alizijaza kwa mabaki. Akonkwa alikuwa hivyo hivyo. Alizaliwa Muhumba, akasoma Muhumba, akapata kazi katika ofisi ya parokia karibu na kwao, na akaoa wakati wa vita, barabara zote zimefungwa. Hata ng'ombe wa mahari aliwakabidhi kwa mjomba wa mke wake, Olive, hapo hapo mjini, kwa sababu Luberizi, kule bondeni kwa kina Olive, hakuna aliyethubutu kwenda.

Kwa hiyo Akonkwa hakuwa amemwona mama mkwe wake hata siku moja, na mama mkwe naye hakuwa amemwona yeye. Tuseme ukweli, Akonkwa hakuona hasara. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani na mwingine anajifunika kitenge. Hawali pamoja. Na jina la mama mkwe, mwanaume halitaji, hata akiota ndoto. Mama huyo aliitwa Apolline. Sisi tunaweza kulitaja, hatukuoa kwake.

Mwaka 2003 wakatangaza kwamba vita imekwisha. Walitangazia mbali sana, na barabara ilikuwa haijapata habari. Hata hivyo magari yakaanza kupita moja moja, na mama mmoja aliyepanda na mchele kutoka bondeni akamwambia Olive kwamba mama yake anapapasa kuta. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizo hizo daktari wa macho alikuwa ametoka Kinshasa, anapasua watu katika hospitali moja ya mjini, na Jumapili angepanda ndege arudi. Angekuja tena lini? Kwa nchi ilivyokuwa, ungeweza kumngoja mpaka uzikwe.

"Nitaenda kutwaa mama," Olive alisema. "Ukikataa, nitaenda na miguu."

"Nani amekataa?" Akonkwa akajibu, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshaazima jeep ya mjomba wake, tonton Ignace.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla hawajaondoka, Olive alifunga kitenge kutoka dirisha hadi dirisha, nyuma ya viti vya mbele. Mama angekaa upande wa nyuma. "Hata kama haone, ni mama," alisema. "Na wewe, chunga mudomo. Usitaje jina yake."

"Olive, tuko mu mwaka wa elfu mbili na tatu."

"Mama yangu haiko mu ule mwaka."

Wakaondoka wakicheka. Wakapita Nyangezi, wakaanza kushuka mlima wa Ngomo, na hapo kicheko kikamwisha Akonkwa. Barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa gari moja na woga wa dereva. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, hewa tu, na chini kabisa mto Ruzizi ukipiga kelele kati ya mawe. Lori lililoanguka zamani lilikuwa limelala kule chini, miti imeota katikati yake. Akonkwa alishika usukani kwa mikono miwili, akasali kimoyomoyo sala zote alizozijua na moja aliyoitunga.

Halafu wakapinda kona, na mlima ukaachia. Bonde lote lilikuwa limelala mbele yao, pana, la kijani na dhahabu, mto ukijikunja ndani yake kama mtu asiye na haraka ya kufika. Ng'ambo, milima ya Burundi ilisimama mstari kwa mstari, kila mstari umefifia kuliko ule wa mbele. Na mwisho kabisa, kusini, kitu cheupe kiling'aa, si anga wala si nchi.

"Ile ni nini?"

"Tanganyika," Olive akasema.

Akonkwa akasimamisha gari. Alikuwa amelisoma ziwa lile shuleni, akalichora kwenye ramani, akapewa alama nzuri. Sasa alishuka, akasimama barabarani. Alijiuliza ni kitu gani kingine kilikuwa kimekaa karibu naye maisha yake yote, yeye akihesabu mawimbi ya ziwa moja.

Kule chini joto liliwapokea kama mlango wa tanuri. Walipita nyumba zisizo na paa, shule yenye matundu ya risasi, kanisa lenye kuta tu. Na katikati ya yote hayo, mchele. Mashamba ya mchele yalifika hadi ukingo wa barabara, maji yakitembea mifereji kwa mifereji, ndege weupe wakitembea ndani yake, na akina mama wameinama mstari mmoja wakipanda. Vita ilikuwa imewapitia mara ngapi? Wenyewe wameacha kuhesabu, wamepanda. Akonkwa alitazama migongo ile mpaka Olive akamkumbusha kutazama barabara.

Huko Luberizi Akonkwa hakumwona mama mkwe. Alisikia tu sauti yake nyuma ya nyumba, sauti nyembamba yenye amri, ikilia na kucheka na Olive. Chakula aliletewa peke yake: wali wa pale pale na samaki. Akalala kwa jirani. Asubuhi ya Ijumaa aliambiwa ageuke aangalie ukuta, akageuka, akasikia miguu ikipapasa, mlango wa nyuma ukifungwa, na kitenge kikivutwa vizuri.

"Mungu amufikishe salama bwana mukwe," sauti ikasema nyuma ya kitambaa, ikiongea na hewa. "Olive, umuambie vile."

"Amesikia, mama."

Wakaanza kurudi. Kabla ya mlima, pale barabara inapoanza kupanda, palikuwa na barrière: mti uliolazwa juu ya mapipa, na wanaume wenye bunduki. Siku hizo hukuuliza ni wa kundi gani. Asubuhi ya jana hawakuwapo. Mkubwa wao, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya sufu katika joto lile, akasogea dirishani, akaona kitenge.

"Nyuma ya pazia iko nani?"

"Mama mukwe yangu, chef. Tunamupeleka ku hospitali, Bukavu. Macho."

"Anaitwa nani?"

Ulimi hauna mfupa. Akonkwa alikuwa mtu wa ofisi. Ukiulizwa jina, unajibu jina, haraka na kwa heshima.

"Apolline," akasema.

Olive alifumba macho. Mkubwa yule akanyoosha mkono ndani ya gari, akazima moteri, akachukua ufunguo.

"Mimi pia nimeoa," alisema polepole. "Mama ya muke yangu, jina yake haijapita mu kinywa yangu hata nikilewa. Wewe unaitaja sawa unaita mbuzi. Huyu haiko mama mukwe yako. Munaficha mutu."

"Chef, ni mama yangu mimi," Olive akasema. "Bwana yangu alikulia mu mujini, hajue mambo."

"Wote banasema vile. Wiki ingine walificha mutu mu kitenge, na ule mutu alikuwa na bunduki." Akawageukia wenzake. "Gari inabakia. Wao warudie Luberizi, tutaangalia kesho kutwa."

Kesho kutwa ni Jumapili. Kwa neno moja, neno ambalo mke wake alimkataza kwa kinywa chake mwenyewe, Akonkwa alikuwa amemfunga mama yule gizani hadi kufa kwake. Maji yakimwagika hayazoleki. Alishuka garini, akafungua mdomo aombe, akaufunga, kwa kuwa hakuuamini tena.

Ndipo kitenge kikatikisika. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mama mmoja mfupi akashuka, mguu ukitafuta ardhi kabla ya kuikanyaga. Akonkwa akageuza uso haraka.

"Huyu mutoto iko wapi?" mama akauliza.

"Iko hapa mbele yako, mama," Olive akasema.

Mama akanyoosha mikono. Akampata kifuani, akapanda hadi shingoni, akamshika uso wote kwa viganja vikavu vya mpanda mchele. Akapitisha vidole kwenye paji lake la uso, ambalo ni pana kweli, kwenye pua, kwenye kidevu kisichonyolewa. Wanaume wa barrière walisogea waone. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona mama mkwe akimshika mkwe wake uso, na Akonkwa alisimama pale akiwa haelewi kama analaaniwa au anabarikiwa.

"Mukubwa," mama akasema, akimgeukia asiyemwona, "huyu njo mukwe yangu. Mutu wa uongo angefundishwa kusema muzuri. Huyu walimulea ku goudron, ku barabara ya lami, banamufundisha Kifaransa, banasahau kumufundisha kuona haya. Lakini haya inakaa mu macho. Mimi macho yangu inakufa. Kipofu hana mukwe, ana mutoto tu. Basi mutoto wangu aniite vile anataka."

Mkubwa alivua kofia yake ya sufu, akaikunja mkononi. Halafu akafanya jambo ambalo Akonkwa alilikumbuka miaka yote: akageuza uso wake pembeni, jinsi sisi tunavyogeuza uso mbele ya mama mkwe, akanyoosha ufunguo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika kiwikoni. Yeye mwenyewe akaenda kuinua ule mti.

"Mupite, mama," alisema akitazama milima. "Mungu akurudishie macho."

Mama akakataa kurudi nyuma. Alikaa mbele, Olive akahamia nyuma ya kitenge, na ikawa kama mambo yamepinduliwa. Walipofika kwenye ile kona ya juu, mama akasikia upepo umebadilika.

"Simamisha," alisema. "Kila mara nilipandia hapa mu lori, juu ya magunia, nimefunika kichwa sababu ya vumbi. Sijaangaliaka. Wewe una macho. Unaona nini?"

Basi Akonkwa akamwambia. Alianza kwa aibu, akaanza na mto, akasema unavyojikunja. Akasema rangi ya mashamba, kwamba si kijani kimoja, ni vijani vingi, na maji yanang'aa katikati. Mama akauliza kama anaona mahali mto unagawanyika kuzunguka kisiwa kidogo. Anakiona. "Hapo mukono ya kuume njo kwetu," akasema. "Ule mufereji, baba ya Olive alichimba." Akonkwa akautafuta mpaka akauona, uzi mwembamba unaomeremeta katika bonde lote lile. Akamwambia milima ya ng'ambo, akamwambia ile nyeupe ya mwisho. Hakuwahi kuzungumza na mtu kwa muda mrefu namna ile.

"Nimeinamia pale chini maisha yangu yote," mama akasema. "Sikujua iko muzuri vile."

Nyuma ya kitenge Olive alikuwa analia, wala hakujificha.

Daktari alimpasua Jumamosi, yeye wa mwisho. Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, akaja mwenyewe kumfungua bandeji. Akonkwa hakuwapo, alikuwa amekwenda kuchukua uji. Tangu barrière alikuwa amezoea: anamshika mama mkono, anamlisha, anamwita kwa jina, na mama anaitika. Alikuja na bakuli lake, akasukuma mlango wa wodi kwa bega.

"Maman Apolline, uji iko moto."

Mama alikuwa ameketi kitandani, amegeukia dirisha, na dirishani ziwa lote la Kivu lilikuwa limejaa jua. Akageuka aone nani anaita. Macho yake yalikuwa mekundu na maji yakimtoka. Akaangalia kidevu, akaangalia pua, akafika kwenye lile paji pana ambalo vidole vyake vilikuwa vinalijua, akasimama hapo.

Halafu akavuta kitenge, akajifunika uso wote.

"Olive," alisema ndani ya kitambaa, na ile sauti nyembamba yenye amri ilikuwa inacheka na kulia pamoja, "ambia ule mwanaume atoke. Na jina yangu aiache."

Akonkwa aliweka bakuli sakafuni, akageuza uso, akatoka kinyumenyume. Alisimama korido, mgongo ukutani, machozi yakimtiririka hadi kwenye kile kidevu, na tangu siku ile hakulitaja tena jina lile.