Sikio Moja la Sindano

Homa ilimlaza Sindano wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na sikio lake la kushoto. Daktari alisema halitarudi. Meneja wa ukumbi wa dansi alikuwa na yake ya kusema.

"Dijei wa sikio moja ni kama dereva aliyefumba jicho," alimwambia. "Pumzika, dada. Nafasi yako nimeshampa mtu."

Sindano alikuwa fundi wa cherehani kiwandani, na kwa miaka sita alikuwa akipiga muziki wa tekno kila Jumamosi kwenye ukumbi ule. Kazi ile inataka masikio mawili: moja linasikiliza wimbo ulio kwenye spika, jingine, ndani ya hedifoni, linasikiliza unaofuata, ili mapigo yalingane kabla watu hawajausikia. Sasa alibaki na moja la kugawa.

"Sipumziki," alisema. "Nipe saa kumi alasiri, ukumbi ukiwa bado mtupu. Nikiharibu, sitakusumbua tena."

Meneja akakubali, kwa vile saa ile hakuna aliyekuwa akiitaka.

Kwa kuwa hangeweza kusikiliza nyimbo mbili kwa pamoja, Sindano aliamua kuzijua zote kabla hajatoka nyumbani. Kila jioni alikaa na mama yake, mwalimu mstaafu wa kwaya, wakitafuta kwenye kinanda ufunguo wa kila wimbo, yaani ile sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake.

"Huu unanguruma tu," mama alisema siku ya kwanza. "Hauna mwimbaji, hauna kibwagizo. Aliyeutunga nani alimuudhi?"

"Sikiliza besi, mama. Inakaa wapi?"

Mama alifumba macho, akabonyeza, akasogea kidole kimoja. "Hapa. Kumbe ina adabu, haitoki nyumbani kwake."

Sindano alichora duara na kuweka funguo kumi na mbili kama namba za saa ya ukutani. Nyimbo za namba ile ile au za namba jirani zilipatana. Za mbali ziligombana. Lakini namba pekee hazikutosha. Alipanga kuanza na ngoma kavu, akaamua wapi pa kuongeza uzito na wapi watu wavute pumzi, akaandika pigo ambapo besi ya wimbo mmoja itatoka ili nyingine iingie. Wimbo alioupenda kuliko yote aliutupa nje, maana haukupatana na jirani yeyote.

Jumamosi ilipofika, watu hawakuzidi ishirini. Mama alikaa karibu na ukuta, mkoba mapajani. Sindano aliweka kiganja juu ya meza ili asikie mapigo kupitia mbao, akawa anavaa na kuvua hedifoni.

Wimbo wa tatu ulimponyoka. Mapigo yaliachana, yakawa kama viatu vinavyozunguka ndani ya mashine ya kufulia, na pale kaunta meneja akatikisa kichwa. Sindano hakusimamisha kitu. Alishusha besi, akasukuma sahani ya santuri kwa ncha ya kidole, akaisukuma tena, hadi kiganja kikamwambia mapigo yamekuwa mamoja.

Nusu saa baadaye watu walikuwa wamefika sitini. Meneja alimjia kushoto akaongea peke yake, kisha akazunguka upande wa pili.

"Weka ule wimbo wa redioni. Watu wanataka kitu wanachokijua."

"Hauingii hapa. Utagombana na huu."

"Mambo ya funguo nani anayajua humu?"

"Hawayajui. Wataacha kucheza tu, na hawatajua kwa nini."

"Mimi ndiye meneja."

"Basi zima umeme."

Meneja alitazama swichi, akatazama watu, akabaki amesimama.

Lakini Sindano naye aliona jambo. Watu walicheza vichwa vimeinama. Nyimbo saba zilikuwa zimepokezana kistaarabu mno, hakuna aliyeshtuka. Wimbo uliokuwa ukilia ulikuwa wa namba nane kwenye duara, na uliofuata kwenye mpango ulikuwa wa namba tisa, jirani yake. Ndipo akakumbuka jinsi mama alivyoifanya kwaya iliyoanza kusinzia: aliipandisha nusu sauti, hatua moja ndogo ya kinanda, bila kuomba ruhusa. Kutoka namba nane, nusu sauti juu ni namba tatu, mbali kabisa kwenye duara lake.

Namba hiyo ndiyo ya ule wimbo alioupenda na kuutupa nje; akauchukua. Kuzichanganya nyimbo hizo mbili taratibu kusingewezekana, zingepigana kelele. Aliondoa besi, akaacha vyuma vyembamba vya matoazi vilie mapigo kumi na sita, akihesabu kwa kiganja, kisha akakata na kuuangusha ule mpya mzima mzima.

Ukumbi ulinyanyuka. Mwanamke mmoja wa kiwandani kwao aliinua mikono yote miwili. Mama alikuwa amesimama, mkoba uko sakafuni.

Alipomaliza, meneja alimletea chupa ya maji, safari hii akija moja kwa moja kulia.

"Haya. Jumamosi ijayo, saa kumi."

"Saa kumi niliiomba kwa sababu ulinifukuza. Sasa nataka saa yangu ya zamani."

"Ile ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. Akasema atafikiria.

Alifikiria siku tatu. Ya nne alituma ujumbe: wagawane ile saa, nusu kwa nusu, na yule mwingine. Sindano alikuwa kazini, chini ya cherehani, mikono imejaa grisi. Alijifuta, akajibu kwamba nusu ataichukua kwa sasa, na kwamba spika ya dijei ya kujisikilizia ihamishiwe kulia kabla ya Jumamosi, na hilo si ombi.