Watoto Sitini wa Bwalo

Mwalimu Rolande alikuwa na sauti ya kuvuka mto. Huko Bukavu alifundisha watoto sitini katika chumba kimoja, na bila sauti usingefika benchi la nyuma. Lakini hapa ugenini Molenbeek alikuwa na watoto ishirini tu; sauti ilipenya kuta, walimu wa vyumba jirani walilalamika, na mkurugenzi wa shule, Madame Nathalie, alimwambia waziwazi kwamba hana hakika kama atamwongezea mkataba.

Ikaja wiki ya mafua. Walimu wawili wakaugua, wa kushika nafasi zao hawakupatikana, kama kawaida ya mji huu, na madarasa matatu yakasukumwa ndani ya bwalo la chakula. Rolande akakunja mikono ya blauzi. Kila benchi akaliwekea kiongozi, akaimbisha jedwali la kuzidisha, akanyamazisha bwalo zima kwa jicho moja tu. Nathalie alichungulia mlangoni akaduwaa. Ijumaa akamwita ofisini: mkataba uko tayari, ila aendelee hivyo hivyo na wale sitini mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Rolande alifurahi, na nani asingefurahi? Aliomba kwanza akawakabidhi wazazi watoto wao, ndipo arudi kusaini.

Getini alimkuta maman Riziki amemshika mkono bintiye Amira, aliyevaa suruali aliyoazimwa na mpishi wa bwalo, yake iliyolowa ikiwa ndani ya mfuko.

“Maman Rolande, mutoto anasema alinyanyua mukono kuomba kwenda toilettes, chooni. Alinyanyua mpaka akachoka. Hamukumuona?”

Rolande alijaribu kumkumbuka Amira siku hiyo, asikumbuke chochote. Aibu ilimchoma. Mtoto aliyezoea kumsomea kila asubuhi kando ya meza, wiki nzima hakuwa amemsikia akitamka neno.

Akarudi ofisini, kalamu ikimngoja.

“Madame, kuwanyamazisha sitini naweza. Kuwafundisha siwezi, na sijamuona awezaye. Nirudishieni darasa langu.”

Nathalie akamuuliza kama anajua anachokataa. Rolande akasema anajua vizuri sana. Na walimu wasipopatikana je, Nathalie akauliza, wazazi wataambiwa nini?

“Ukweli. Bado wako nje. Twendeni, mimi nitasimama kando yenu.”

Nathalie akainuka. Pale getini aliwaeleza wazazi kwa Kifaransa kwamba walimu hawapo na watoto sitini wamerundikwa bwaloni wiki nzima, na Rolande akamfasiria maman Riziki kila neno bila kulilainisha. Mkataba ulibaki mezani, haujasainiwa.