Besi ya Odeta

Ukitaka kusahaulika mapema, piga gitaa la besi. Mwimbaji atashangiliwa, mpiga solo ataitwa kwa jina, wewe wa besi watu watacheza kwa jasho lako wala wasijue kama upo. Ndalahwa aliyakubali hayo yote miaka kumi mizima, akiwapigia muziki wa fanki watu wa Mwanza hadi viatu vyao vikaisha soli. Lililomuuma lilikuwa moja tu: binti yake, Odeta.

Odeta alizaliwa mwaka themanini na nne, baba yake akiwa Dar na bendi, wanarekodi. Rose, mama mtu, alijifungua peke yake, na hakulisamehe hilo mpaka anaingia kaburini. Mtoto akarithi kinyongo chote. Hadi leo, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, akija kutoka Nyegezi humwamkia shikamoo Mzee Ndalahwa, kama anavyomwamkia jirani. Neno baba halijawahi kumtoka.

Utetezi wa mzee ulikuwa mmoja, na aliurudia mpaka ukachosha: habari za kuzaliwa kwake zilipofika studio, besi yote ya wimbo waliokuwa wakiurekodi alimpigia yeye. Mwaka huu moyo wa mzee ukaanza kumsumbua vibaya, na Odeta, sijui huruma ilimtokea wapi, akautafuta wimbo mtandaoni akaupata. Akaufungulia kwenye simu. Magitaa yakalia, tarumbeta zikalia, besi hakuna. Kispika cha simu kitaitoa wapi besi? Mzee akainamisha kichwa. Maskini, wimbo ulipotoka bendi ilishavunjika, naye aliusikia kwenye kiredio cha betri tu. Hata yeye hakuwahi kujisikia.

Jumamosi Odeta akaja na spika kubwa ya harusi aliyoiazima Mabatini, wanaume wawili wakaipandisha kwenye mawe ya Ilemela mpaka sebuleni kwa mzee. Akamsogezea mzee kiti karibu, akawasha. Vikombe vikatetemeka kabatini. Besi ikaja.

Ndalahwa alijua kabla kiitikio hakijaisha. Siyo yeye. Pale katikati yeye alikuwa ananyamaza mapigo mawili, makusudi, kisha anarudi. Huyu alikuwa amejaza kote, kwa vidole vyepesi. Bendi ilipogeuza kurudi Mwanza, huko studio walimfuta wakamweka mwingine. Miaka yote hiyo anajivunia kazi ya mtu! Akatamani spika ile ipasuke.

Akageuka ili amwambie ukweli. Odeta alikuwa amepiga magoti sakafuni, viganja vyote viwili juu ya spika, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

"Baba," alisema. "Kumbe ulikuwa unaniambia haya yote?"

Ndalahwa aliitazama ile mikono juu ya spika.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ni mimi huyo."

Odeta akaomba waurudie. Wakausikiliza mara sita, na kila mara mzee alitikisa kichwa akifuata vidole vya mtu asiyemjua.