Sura Mbili za Hester Pell

Hester Pell alijua kuwaua watu, ila hakujua kuwasemesha. Ndivyo alivyozoea kusema mdogo wake, Lavinia, na wala hakuwa anatania. Mtu na mdogo wake hao wa mji wa Louth walikwisha kutoa riwaya tatu kwa pamoja, zote kwa jina la mwanamume asiyekuwapo duniani. Hester alipanga kisa: nani arithi kinu, nani afe kwa homa, barua ipi ipotee. Lavinia akawatia watu ndimi. Ndimi hizo alizipata chini, kwenye duka la mama yao la utepe na vifungo, alikouza tangu ana miaka kumi na miwili, masikio wazi.

Riwaya ya nne ilipofika sura ya sita, Lavinia akaolewa na Bwana Garside, mfanyabiashara wa mbao, akahamia Hull.

Hester hakulia. Aliandika sura mbili peke yake, kwa miezi minane, akazituma London. Baada ya wiki mbili mhariri akazirudisha na mistari michache: kisa kizuri kama kawaida, ila watu wote sasa wanaongea kama wako kanisani; je, Bwana unaumwa?

"Mama," Hester aliuliza, "mimi naongea kama niko kanisani?"

"Wewe huongei kabisa, mwanangu."

Basi akashuka dukani, akasimama mahali pa mdogo wake, penseli mfukoni. Mke wa muuza nyama, aliyekuwa akipiga soga saa nzima na Lavinia, alimtazama mara moja tu.

"Nipimie yadi moja. Nina haraka."

Siku tatu zikapita, na katika daftari la Hester mlikuwa na habari za mvua tu.

Siku ya nne akapanda treni, akavuka kwa feri mpaka Hull. Alimkuta Lavinia mjamzito wa miezi saba, miguu juu ya kigoda, anakula samaki wa siki.

"Nijazie hapa na hapa tu," Hester alisema, akimwekea karatasi mapajani. "Sura mbili, Vinnie."

"Siwezi, dada."

"Mumeo amekukataza?"

"Garside? Garside hata hajui kama kuna sura. Ni mimi. Nimechoka kuwasemea watu wako. Unawaua! Yule mchunga kondoo nilimtafutia maneno miezi minane, nawe ukamzamisha mtoni kwa aya moja."

"Kisa kilitaka hivyo."

"Kisa ni wewe! Tangu utotoni ni wewe unayeamua nani afe. Hata paka wetu."

"Paka alikufa kwa uzee."

"Alikufa siku ileile uliyosema atakufa!"

"Umenenepa kiburi tangu uolewe."

"Nimenenepa mimba! Huoni?"

Hester alizoa karatasi zake, akatoka bila kunywa chai.

Ndani ya treni alitoa penseli. Majibu aliyopaswa kutoa yalimjia sasa, moja baada ya jingine, akayaandika nyuma ya sura zilizokataliwa ili yasimpotee. Akaandika na ya Lavinia, maana bila hayo yake hayakuwa na maana. Kabla hajafika Louth alikuwa ameona la kufanya. Katika riwaya ile mlikuwa na mabinti wawili wa mwenye kinu, waliokaa jikoni sura mbili nzima bila la maana kusema. Akawapa ugomvi wote, paka akamgeuza punda.

Mhariri alijibu kwa neno moja: "Umepona."

Kitabu kilitoka kabla ya Krismasi. Hester alikituma Hull pamoja na kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Wiki tatu kimya. Akaanza kuogopa kwamba safari hii amevuka mpaka. Kisha barua ikaja.

"Nimeusoma ukurasa ule mara nne," aliandika Lavinia. "Garside anasema ni mimi mtupu. Ila maneno yangu matamu umempa dada mkubwa, mwizi wewe. Mtoto ana meno mawili. Njoo."

Alikwenda Jumanne, akakaa mwezi mzima. Riwaya ya tano aliiandika peke yake, kwa shida, nayo ikawa fupi kuliko zote. Lavinia hakuandika tena. Nyumbani walipomuuliza alisema hana hamu tena ya riwaya, na Hester alimwamini nusu.